Paka anahema mdomo wazi, ni moyo?

Bi_Langoni: Jamani wapenzi wa paka wa Lamu nisaidieni, dume langu siku hizi akipanda ngazi tu anajilaza na kuhema mdomo wazi kama mbwa, kula anadonoa, kukohoa hakohoi, huu ni moyo ama joto?

Mshela: Pole dadangu. Hilo si la kungoja kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo. Akiwa amelala hesabu mbavu zikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja, dakika nzima, zikizidi 30 kila ukihesabu huenda mapafu yana maji. Wangu alikutwa na misuli ya moyo iliyonenepa, ndio inayowapata paka zaidi, ikaonekana kwa ultrasaundi. Anameza dawa ya kutoa maji na ya kuzuia damu kuganda na bado ananigombania samaki alhamdulillah

Bi_Langoni: Nimehesabu, 44! Tunatoka sasa hivi

Abu_Mkomani: Mweke kwenye kikapu chenye hewa usimbane, akihangaika ndio moyo unazidi kuchoka. Miguu ya nyuma ikilegea ghafla ikawa baridi ni damu imeganda, waambie mapema. Na Panadol usimpe hata kipande, inaua paka.