Sensa ya tembo Ruaha-Rungwa: ilikuwa halali kurudia?

Mleta mada: Wakuu, hili tulijadili bila jazba. Mwaka 2013 sensa ya kuhesabu kutoka kwenye ndege ilikadiria tembo 20,090 Ruaha-Rungwa, yaani hifadhi ya Ruaha na mapori jirani hapa Tanzania. 2014 wakashuka hadi 8,272. Serikali ikagoma kuikubali namba hiyo, ndege zikarushwa tena 2015, zikaja na 15,836. Sasa kipimo kikikukera unapima tena mpaka kikufurahishe?

Mchangiaji 1: Mkuu, tembo jike anabeba mimba miezi 22. Toka 8,272 hadi 15,836 ndani ya mwaka mmoja hawafiki hata wakizaa mapacha wote. Maana yake kuna namba ina walakini. Ungeiachaje?

Mchangiaji 2: Nimewahi kukaa kiti cha nyuma kwenye hizo ndege ndogo za Cessna. Kwenye nguzo ya bawa mnafunga fimbo mbili, unahesabu kinachopita katikati yake tu, basi. Mko futi 350 hivi, shingo inauma, na miombo ikishachipua majani tembo anasimama chini ya mti mnampita hivi hivi. Kundi kubwa unalipiga picha, ukalihesabu vizuri mkishatua. Sasa piga hesabu: mkipita juu ya sehemu moja ya kumi ya eneo, kundi la tembo 60 likiangukia ndani ya fimbo linaingia kwenye makadirio kama 600. Likisogea pembeni kidogo, sifuri. Ndiyo maana ile 15,836 ilikuja na ±4,759, yaani idadi halisi inaweza kuwa juu au chini kwa kiasi hicho, ila kwenye magazeti huo mkia unakatwa.

Mleta mada: Nimekuelewa. Ila kwenye hifadhi za Selous-Mikumi tembo walipanda toka 13,084 mwaka 2013 hadi 15,217 mwaka 2014. Hiyo nayo ni kasi ambayo kuzaa peke yake hakuielezi. Mbona huko hakuna aliyesema turudie?

Mchangiaji 1: Hapo umenibana.

Mchangiaji 2: Amenibana na mimi. Kurudia sina tatizo nako, tena namba tatu mfululizo zinakuambia mengi kuliko moja. Kinachonikera ni kuamua kurudia baada ya kuona jibu. Ratiba ipangwe kabla ndege haijaruka: miaka fulani tunarudia, liwe limepanda au limeshuka. Na mizoga ihesabiwe kwenye safari hiyo hiyo, kila sensa. Tembo elfu kumi na moja na ushee, ile tofauti ya 2013 na 2014 Ruaha-Rungwa, wakiuawa ndani ya mwaka, mifupa itaonekana tu. Isipoonekana, basi wamehama au fimbo zetu zimewakosa.