Mliotushauri tuwalishe watoto wa mbwa nyama mbichi tupu, njooni mjibu hapa

Wakuu, mnivumilie. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Wasimamizi, tafadhali msiuhamishie kwenye vichekesho, maana hakuna cha kuchekesha.

Nina mtoto wa mbwa wa miezi minne, anaitwa Chuma. Sasa hivi yumo ndani ya kizimba kidogo ambamo anaweza kugeuka tu. Haruhusiwi kukimbia, haruhusiwi kuruka, haruhusiwi hata kupanda kizingiti cha mlango. Mguu wake wa nyuma umevunjika. Hakugongwa na gari wala hakupigwa na mtu. Aliruka kutoka kwenye ngazi moja, ngazi ambayo kimo chake hakifiki hata shubiri, akapiga yowe. Mfupa wa paja ulikatika kama chaki.

Daktari wa mifugo, kabla hajamgusa, aliniuliza swali moja: anakula nini? Nikajibu kifua mbele kabisa. Nyama mbichi, daktari. Minofu safi na maini, hajawahi hata siku moja kuonja zile punje za chakula cha kiwandani za kwenye mfuko. Nilitegemea pongezi, wallahi. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema twende tukapige picha.

Hiyo eksirei nimeiona kwa macho yangu. Mifupa ya mtoto wa mbwa mwenye afya hutokea myeupe, nyama inayoizunguka inakuwa ya kijivu. Ya Chuma ilikuwa inakaribia kufanana rangi na nyama, imefifia kama mchoro wa penseli uliopitishwa kifutio. Ganda la nje la mfupa jembamba kama karatasi. Halafu daktari akanionyesha mguu wa mbele, ambao mimi sikuwa hata na habari nao. Kuna mahali mfupa umejikunja, umevunjika kwa upande mmoja na kuanza kujiunga wenyewe. Maana yake zile wiki alizokuwa akilia kila nikimbeba, alikuwa tayari amevunjika. Na mimi nilikuwa namwambia aache kudeka.

Sasa twende kwenu.

Nilimchukua akiwa na wiki nane. Aliyeniuzia alinipa maelekezo mafupi: nyama mbichi, usimharibu na wanga. Akanielekeza kwenye kundi la mtandaoni la wafugaji wa mbwa, akasema huko kuna wazoefu. Wazoefu kweli walikuwepo. Kila nikiuliza swali, majibu kumi. Mpe minofu, mpe maini kwa wingi, mbwa ni mbwa mwitu aliyefugwa, tumbo lake halijui nafaka. Nikauliza mifupa je? Nikaambiwa huyo bado mdogo, atakabwa, subiri akomae. Nikatii. Hakuna hata mmoja kati ya wazoefu wote wale aliyeandika neno kalsiamu, yale madini yanayojenga mifupa. Hata mmoja!

Alipofika wiki ya kumi na mbili hivi akaanza kutembea kama mtu anayekanyaga changarawe peku. Nikarekodi video, nikaituma. Majibu: anakua haraka, ni kawaida kwa mbegu kubwa. Siku kumi baadaye miguu ya mbele ikaanza kupinda. Majibu: hayo matege, mwanike juani kila asubuhi. Nikamwanika mbwa kama nguo. Juzi ndiyo naelezwa kwamba ngozi ya mbwa haina uwezo wa kutengeneza vitamini D ya kumtosha kama ngozi yetu sisi. Mbwa anaitegemea kwenye chakula. Kwa hiyo asubuhi zote zile nilikuwa namchosha tu mgonjwa aliyevunjika mifupa. Na matege yenyewe hayakuwa ya kukosa jua, yalikuwa ya kukosa kalsiamu.

Hesabu yenyewe haihitaji udaktari, na hilo ndilo linalonipandisha mori. Mtoto wa mbwa anayekua anatakiwa kupata kalsiamu angalau sawa na fosforasi, madini mwenzake, na isizidi sana mara mbili yake. Gramu 100 za mnofu wa ng'ombe zina fosforasi kama miligramu 200. Kalsiamu? Kama miligramu 10. Yaani mnampa fosforasi mara ishirini ya kalsiamu, kila siku, katika miezi ile ile ambayo mifupa inajengwa. Maini ndiyo balaa zaidi, humo fosforasi inaizidi kalsiamu zaidi ya mara hamsini. Na mliniambia nimpe kwa wingi.

Damu haikubali kukosa kalsiamu, kwa sababu moyo na misuli haviendi bila hiyo. Shingoni kuna tezi ndogo nne zinazolinda kiwango chake. Kikishuka, zinamwaga homoni inayoamuru mifupa ibomolewe ili damu ipate. Ndiyo maana Chuma alipopimwa damu kalsiamu yake ilikutwa sawa kabisa, na kuna mtu kundini akaniandikia "umeona, damu iko safi, huyo daktari anakuibia". Ndugu yangu, damu iko safi kwa sababu imekopa mifupani miezi miwili mfululizo!

Halafu kuna wale wa "mpe maziwa yatarekebisha". Maziwa yana kalsiamu, sawa, ila yanakuja na fosforasi yake, na ukiyamimina juu ya bakuli la nyama hayawezi kulifidia pengo la ukubwa huo. Na kuna wa upande wa pili, wanaosema nunua vidonge vya kalsiamu mmwagie tu. Hao nao ni hatari. Mtoto wa mbwa wa mbegu kubwa hana uwezo wa kukataa kalsiamu iliyozidi, utumbo wake unaipokea tu, na ikizidi mifupa inaharibika kwa njia nyingine. Daktari alinikataza kabisa kuongeza kitu juu ya chakula kamili cha watoto wa mbwa alichomwandikia.

Na nisieleweke vibaya. Hata ningeipika ile nyama, mfupa ungevunjika vile vile, kwa sababu kupika hakuongezi kalsiamu. Najua wapo wanaolisha mbichi kwa mpango wa mtaalamu wa lishe, mfupa umesagwa, kila kitu kimepimwa kwenye mizani. Sijawahi kumwona hata mmoja katika lile kundi. Mizani yenu ilikuwa ni jicho.

Ile hoja yenu ya mbwa mwitu, yule Wazungu wanayemwita wolf, nayo nimeichoka. Mbwa mwitu hali minofu iliyokatwa vipande! Anakula mnyama: mifupa, ngozi, damu, na matumbo. Watoto wake wanatapikiwa na wakubwa mchanganyiko wa hayo yote. Nyinyi mmechukua sehemu moja ya mnyama, ile inayopendeza kwenye picha, mkaiita lishe ya asili. Na mbwa si mbwa mwitu tena. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa mwitu ana nakala mbili tu za jeni ya kimeng'enya cha kusaga wanga, wakati mbwa wana kuanzia nne hadi thelathini. Huyu mnyama amekaa na binadamu na mabaki yake mpaka tumbo lake limebadilika. "Tumbo halijui nafaka", eti.

Kuhusu vijidudu sitaandika mengi, maana nikisema bakteria mnanijibu kwamba tumbo la mbwa lina tindikali kali. Sawa. Mbwa anaweza kweli kubeba salmonela asiumwe. Ila anaitoa kwenye kinyesi, halafu analamba uso wa mtoto wako wa miaka miwili, ambaye tindikali ya tumbo lake si ya mbwa. Na msiniambie habari ya bidhaa zilizogandishwa za kiwandani kwamba hizo ziko salama. Uholanzi walipima bidhaa 35 za namna hiyo, matokeo yakatoka 2018: bakteria hatari wa listeria kwenye 19, salmonela kwenye 7, na kwenye 28 wakakuta E. koli wenye usugu dhidi ya antibiotiki. Friza haiui salmonela, inailaza tu. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kilishatoa msimamo tangu 2012 wa kupinga kuwalisha mbwa na paka nyama mbichi ambayo haijapitia hatua ya kuua vijidudu. Mkasema wamenunuliwa na viwanda vya chakula cha mbwa. Haya, na daktari wangu ambaye hauzi hata mfuko mmoja, yeye kanunuliwa na nani?

Ila kuna jambo moja siwezi kuliruka. Kulikuwa na mzee mmoja kundini, anaheshimika sana, anashauri watu wachukue maini na mapafu yaliyotupwa na mkaguzi wa nyama kwa sababu ni ya bure na "mbwa hachagui". Mzee wangu, unajua kwa nini mkaguzi ameyatupa? Mara nyingine ni kwa sababu ya yale malengelenge yenye maji ndani. Humo mna watoto wa tegu wa mbwa, yaani mnyoo wa utumboni. Mbwa akiyala mabichi, ndani ya utumbo wake yanageuka kuwa maelfu ya minyoo midogo ya milimita chache tu, hutaiona hata ukichambua kinyesi. Mbwa mwenyewe haugui, ananawiri. Mayai yanatoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya, unampapasa, unakula bila kunawa. Baada ya miaka, wewe ndiye unayeota lengelenge kwenye ini au kwenye mapafu, na linaweza kufikia ukubwa wa tikiti kabla hujajua unaumwa nini. Iceland ugonjwa huo uliwatesa vibaya sana karne ya 19. Walianza kuelimishana miaka ya 1860 kuhusu dawa za minyoo kwa mbwa na kutowapa matumbo mabichi, wakaja kuutokomeza. Miaka 160 iliyopita watu walishajua! Leo mzee wetu anaandika "mbwa hachagui" na kupata vidole gumba themanini.

Kwa walio na watoto wa mbwa na wamefuata ushauri kama wangu, niwape dalili kwa sababu mimi hakuna aliyenipa. Anachechemea leo mguu huu, kesho ule. Analia ukimbeba au ukimgusa mgongo. Anakaa sana, hataki kucheza na wenzake. Vidole vya mbele vinatanuka, kifundo kinalegea mpaka kama anakanyagia kisigino. Anapata shida kujisaidia, kwa sababu nyonga ikilainika inabana njia. Usisubiri avunjike. Nenda kwa daktari na umwambie ukweli wa anachokula, usipambe.

Chuma hawezi kufanyiwa upasuaji. Nilifikiri watamwekea vyuma (mnaona jina linavyonidhihaki), daktari akasema mfupa ule hauwezi kushika skrubu hata moja, utapasuka. Dawa yake ni chakula kamili cha watoto wa mbwa, dawa ya maumivu, na kutulia kwenye kizimba kwa wiki kadhaa, kisha picha nyingine. Anasema mifupa ya watoto hurudi haraka chakula kikirekebishwa, na amefurahi kwamba uti wa mgongo haujaguswa. Mguu wa mbele huenda ukabaki umepinda maisha yake yote.

NYONGEZA: Nimeona maswali yenu. Ndiyo, kosa ni langu pia, mimi ndiye niliyekuwa nashika bakuli, hamna haja ya kunikumbusha mara kumi na tano. Kuhusu aliyeniuzia, nilimpigia, akasema mbwa wake wote wamekula hivyo na hawajawahi kuvunjika. Nikamuuliza mama yao anakula nini, akasema "anakula anachokikuta, na mifupa huwa anaitafuna". Hakusikia alichokisema.

Kuhusu lile kundi, niliweka picha ya eksirei nikaandika mistari mitatu tu, bila tusi. Nikaondolewa ndani ya nusu saa. Jana usiku mwenzangu aliyebaki humo amenitumia alichokiona: kuna mtu mpya, ana mtoto wa wiki saba, anauliza aanze na chakula gani. Jibu la kwanza ni la yule yule aliyeniambia damu iko safi. Minofu na maini, ndugu, karibu sana.

Wewe mwenye huyo wa wiki saba, kama unapita hapa, nitumie ujumbe. Nakutumia picha zote mbili, ya paja na ya mguu wa mbele.