Kijiji chetu kimekatwa vipande viwili na hakuna aliyetuuliza

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote.

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Alhamisi moja alasiri mwezi uliopita, tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi inayohudumia wadi yetu likieleza kwamba vijiji vitagawanywa upya kuwa vitengo vipya vya utawala vya Kaunti ya Mombasa, na kwamba mwananchi mwenye maoni afike Jumatatu, saa tatu asubuhi, katika ukumbi ulioko mjini. Ijumaa mchana ofisi hiyo hufungwa kwa ajili ya sala, na Jumamosi na Jumapili haifunguliwi kabisa. Hesabuni wenyewe muda tuliopewa.

Aliyezoea kisiwani huenda akadhani kwamba Mombasa yote ni lami na maghorofa. Kaunti hii ina wadi 30, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu ndani yake watu 1,208,333, lakini pembezoni mwa bara bado tunalima muhogo, tunaangua nazi, na masika yakishika hata bodaboda haipiti. Kina mama wa kwetu hawakuweza kuacha vibarua vyao Jumatatu asubuhi na kulipa nauli ya kwenda na kurudi mjini ili wapewe dakika mbili za kusema. Waliofika walikuwa wanane, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Tulipoingia tukapewa kitabu cha kurasa arubaini, chote kwa Kiingereza, pamoja na ramani isiyo na jina hata la msikiti wala la kisima. Mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, ambaye anaijua kila njia ya kijiji hicho, alikipindua mara mbili tatu kisha akakiweka chini. Ibara ya 7 ya Katiba inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Vipi basi mzee huyu aulizwe maoni juu ya kijiji alichozaliwa kwa maandishi asiyoweza kuyasoma, halafu kimya chake kiandikwe kuwa ni kukubali?

Sasa nije kwenye mpaka wenyewe. Aliyeuchora aliifuata barabara ya changarawe, kwa kuwa kwenye ramani inaonekana kama mstari mzuri. Barabara hiyo inapita katikati yetu. Msikiti, kisima na duka la unga vimebaki upande mmoja, mavani na nyumba zaidi ya nusu zimetupwa upande wa pili, na upande huo wa pili umeunganishwa na mtaa mpya ambao wakaazi wake hatujuani nao, walio na shida zao nyingine kabisa za maji taka na mabomba.

Labda mtu atasema kwamba mstari wa karatasi haumzuii mtu kuvuka barabara kwenda kuswali. Ni kweli. Lakini wengi wetu ni maskwota, tumekaa vizazi vitatu au vinne juu ya shamba ambalo hati yake ina jina la mtu tusiyewahi kumwona, na chanzo cha shida hiyo kinajulikana Pwani nzima tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, ile ya wakoloni iliyotaka kila mwenye madai ya ardhi ayasajili, na asiyesajili akakosa hati. Asiye na hati ana kitu kimoja tu cha kuonyesha kwamba hapa ni kwao, nacho ni kauli ya mzee wa kijiji anayemjua yeye, baba yake na babu yake. Kijana akiomba kitambulisho, mtoto akitaka basari ya karo, familia ikiambiwa ithibitishe kuwa inaishi hapa, ni mzee huyo anayesimama na kusema, huyu ni wetu. Tayari fomu ya basari ya mwanangu imerudishwa kwa sababu mzee aliyeitia sahihi eti si wa upande wetu tena, na huyo wa upande mpya aliponiona aliniuliza mimi ni nani. Sijapata kuulizwa swali hilo nyumbani kwangu.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 iko wazi. Inataka vitengo vya vijiji viundwe kwa kuzingatia idadi ya watu, sura ya nchi, njia za mawasiliano, na pia maslahi ya pamoja ya jamii, historia yake, uchumi wake na utamaduni wake. Inataka kila kitengo kiwe na baraza la kijiji lenye wazee kati ya watatu na watano. Ya historia na utamaduni yamezingatiwa wapi, ikiwa waliokufa wetu wako kijiji kimoja na msikiti wanakosaliwa uko kijiji kingine? Mambo yanazidi kuvurugika kwa kuwa chifu na naibu wake ni wa serikali kuu na wana mipaka yao, hivyo mtu mmoja sasa yuko chini ya majina mawili tofauti ya kijiji, na kila ofisi inamrudisha kwa mwenzake.

Nilimuuliza afisa aliyeongoza mkutano kwa nini hawakuja kijijini. Alinijibu kwamba ratiba ilikuwa imebana. Baraza la manispaa liliondolewa mwaka 2013 tukaambiwa huduma zitasogezwa karibu na mwananchi, na Ibara ya 176 inazitaka serikali za kaunti zigatue kazi zao kadiri inavyowezekana. Leo tunaambiwa ratiba.

Tunachodai ni mkutano mwingine, ufanyike kwetu, chini ya mwembe wa skuli, siku ya Jumapili, na ramani yenye majina tunayoyatumia, na maelezo kwa Kiswahili. Mpaka huo mkutano ufanyike, mzee wetu aendelee kutia sahihi kwa pande zote mbili. Kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi katika bunge la kaunti, na ombi letu tumeshaliandika. Sahihi zinakusanywa baada ya sala ya Ijumaa, na Jumapili nje ya kanisa.

Kama wadi yako nayo imebandikiwa tangazo la namna hii, tafadhali andika hapa lilibandikwa siku gani na mkutano uliitishwa baada ya siku ngapi, kwa sababu tarehe hizo tunataka kuziambatisha kwenye ombi.