Biogesi ya mabaki ya miwa: kuba la matofali au mfuko wa plastiki?

Mla Fupa: Wakuu, nakamua miwa na kupika sukari guru huku Turiani. Mabaki yamejaa uwanja mzima, nataka mtambo wa biogesi kabla ya masika. Fundi kanipa njia mbili: kuba la kuchimbia ardhini au mfuko. Nichukue lipi?

Mzee wa Bonde: Mabaki yapi? Makapi, povu la kwenye karai, au maji ya kuoshea? Ng'ombe unao? Maji je?

Binti Kagera: Wapika guru ninaowajua, makapi ndiyo kuni zao. Yako yanabakije?

Mla Fupa: Mvua ikinyesha hayakauki, hayawaki. Povu nalo namwaga tu.

Mzee wa Bonde: Ng'ombe hujajibu.

Fundi Kuba: Kuba, hakuna mjadala. Muundo wa CAMARTEC, kile kituo cha teknolojia za vijijini cha Arusha, watu wanao miaka na miaka. Mfuko panya akipita nao, kwisha habari.

Jotojoto: Lazima useme hivyo, tofali ndiyo ugali wako. Kuba likipata ufa gesi inapotea huoni. Mfuko ukilegea unauona, unaziba.

Mama Lishe: Jamani kwa shemeji yangu walijenga kuba, fundi akasema tupieni chochote kinachooza. Wakashindilia makapi kama yalivyotoka kinuni. Mwanzo gesi iliwaka, ya samadi ile. Halafu moto ukawa unafifia. Kumbe makapi yameelea, yameshikana gamba zito kama godoro, gesi haipiti na tope halitoki. Mjuaji mmoja akashauri waongeze molasi, eti wadudu wapate nguvu. Ikachacha, jiko likazima moja kwa moja. Shimo lilitapishwa kwa ndoo, tena baada ya kuachwa wazi muda mrefu, maana hewa ya mle inaua mtu.

Mzee wa Bonde: Makapi ni kaboni tupu: uwiano wake na naitrojeni unapita 100 kwa 1, bakteria wanataka 20 hadi 30 kwa 1. Naitrojeni iko kwenye samadi, ndiyo maana nauliza ng'ombe! Povu linafaa, ila kidogo kidogo. pH, yaani kipimo cha uchachu, ikishuka chini ya 6.5 tope limechacha mno, na bakteria wanaotengeneza methani, gesi yenyewe inayowaka, wanagoma.

Binti Kagera: Na ukichukua tope la chujio, lile linalobaki wakichuja juisi ya miwa kiwandani, ujue lina nta. Kama wanasafisha juisi kwa salfa, gesi itanuka mayai viza na kula jiko. Ipitishe kwanza kwenye vyuma vyenye kutu.

Mtanga Halisi: Tanga tulishamaliza hayo. Kampuni ya Katani pale Hale walizalisha umeme wa biogesi kwa mabaki ya mkonge.

Jotojoto: Hale na karai la guru wapi na wapi?

Mtanga Halisi: Kanuni ni ileile, acha dharau.

Mama Lishe: Makapi si uoteshee uyoga tu?

Mla Fupa: Ng'ombe sina. Jirani ana nguruwe, kinyesi chake kinafaa?

Mzee wa Bonde: Kinafaa sana. Wangapi?

Binti Kagera: Na hiyo guru unauzaje kwa jumla?

Fundi Kuba: Mla Fupa, nitumie namba tupige hesabu ya matofali.