Podikasti za mahojiano: Lex, Dwarkesh, Tyler Cowen au Ezra Klein?

Konda_Mstaafu
Habari wakuu. Nakaa Tegeta, Dar es Salaam, kazini Morocco hapa hapa mjini, foleni inanila saa tatu kwa siku. Ubishi wa Simba na Yanga kwenye redio ya daladala umenichosha, nataka mahojiano ya siasa, teknolojia na historia. Kiingereza kinapanda. Nilianza na Lex Fridman, mazungumzo yake ya 2024 na Elon Musk na wenzake wa Neuralink, kampuni yake ya kupandikiza chipu kwenye ubongo. Yana zaidi ya saa nane! Siku ya tatu leo na bado wanaongea. Nihamie wapi? Bando langu la kuungaunga.

MamaMakande
Lex ni wa kusikiliza ukiwa umeinjika makande, huna haraka. Anamwacha mgeni amwage yote, na kwa wanasayansi hilo ni jambo zuri. Ila mwanasiasa ukimpa saa tatu bila kumkatiza, anakupigia kampeni tu.

kijana_wa_server
Dwarkesh Patel, mkuu. Alianza 2020 akiwa bado chuoni. Yule anasoma kwanza, ndiyo anakaa kwenye kiti. Kwa akili mnemba sijaona anayemfikia, japo wageni wake wakikolea wanaongea lugha ya maabara na mtu unaachwa kituoni. Kwa historia anza na Sarah Paine, mwanahistoria wa vita: anatoa mhadhara, halafu anabanwa maswali. Ule wa kwa nini Japani ilishindwa nimeurudia mara mbili.

Dada Mhasibu
Mimi ni wa Tyler Cowen, mchumi wa Chuo Kikuu cha George Mason, kipindi Conversations with Tyler, kipo tangu 2015. Hana mambo ya "karibu, tueleze safari yako". Swali la kwanza tu mgeni anakaa vizuri kwenye kiti. Mara kodi, mara chakula cha Kihindi, mara anataja kitu na kuuliza kinasifiwa kupita kiasi au kimenyimwa haki yake. Na maandishi ya mazungumzo yote yapo kwenye tovuti yao. Mimi huwa nasoma, bando halishtuki.

Konda_Mstaafu
Na Ezra Klein?

MamaMakande
Wa New York Times. Anauliza kwa upole lakini haachii, na mwishoni kila mgeni anataja vitabu vitatu. Tatizo ni Marekani, Marekani, Marekani. Mwezi mmoja tu utawajua maseneta wao kuliko diwani wako.

Mwalimu wa Zamani
Vijana mmesahau In Our Time ya BBC. Si mahojiano ya mtu mmoja: wasomi watatu, mada moja, chini ya saa nzima. Melvyn Bragg aliiongoza tangu 1998 hadi 2025, na msomi akianza kuzunguka alikuwa anamrudisha kwenye mstari kama mwanafunzi. Kwenye podikasti wanaendelea kupiga soga redio ikishakata, mpaka mtayarishaji anaingia kuuliza nani chai, nani kahawa. Hapo ndipo wanasema waliyoyasahau, na mara nyingi ndiyo matamu zaidi.

kijana_wa_server
Shikamoo mwalimu. Ile ni ya kusinzia.

Mwalimu wa Zamani
Marahaba. Sinzia, utaamka umejifunza.

BintiPwani
Za Kiswahili je? Mimi nafuata Maoni Mbele ya Meza ya Duara ya DW, pale siasa inachambuliwa na watu wanaoijua. Teknolojia kwa undani ule wa Dwarkesh, kwa Kiswahili, bado naitafuta.

kijana_wa_server
Konda, pakua sauti, achana na video. Saa moja ya sauti kwa ubora wa kawaida wa kbps 128 ni kama MB 58 tu. Pakua usiku kwa waifai ya jirani.

Konda_Mstaafu
Mrejesho. Cowen naanza kumsoma kesho. Leo asubuhi nilimjaribu mwalimu. Wameulizwa chai au kahawa, nanyanyua kichwa, Morocco imeshapita, tuko Salenda.