Barua ya siku 90 kutoka benki: nyumba yetu Kitengela itapigwa mnada lini?

Mama_Kitengela:
Hamjambo wenzangu. Tuna nyumba Kitengela tuliyojengea mkopo wa benki, hati ina jina la mume wangu peke yake. Tangu kampuni impunguze kazini, malipo yameyumba. Sasa imeletwa barua: tulipe malimbikizo ndani ya siku 90. Jirani anasema madalali watafika mwezi ujao, tuanze kufunga vitu. Mume wangu hashiki tena simu za benki. Tuko hatua gani? Na mimi nisiye kwenye hati nina usemi?

Karani_Mstaafu:
Dada, usifunge hata sufuria. Nimekuwa karani kwa mawakili wa kesi za rehani, na barua hiyo ni ya kwanza tu. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, kifungu cha 90, inataka itaje kosa ni lipi, mlipe kiasi gani, na iwape muda usiopungua miezi mitatu. Ukipita bure, benki hutoa notisi nyingine ya siku 40 kwamba inanuia kuuza. Dalali naye, kwa kanuni za kazi yake, huwapa siku 45 za kukomboa nyumba. Kisha hutangaza gazetini, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza. Zikifuatana hivyo, ni zaidi ya nusu mwaka.

Lakini muda huo haufai kitu kwa asiyeshika simu. Nimeona faili nyingi ambazo ndani hamna hata barua moja ya mkopaji, na hilo huniuma mpaka leo. Nendeni tawini mkaombe mkopo urefushwe ili rejesho la mwezi lishuke. Wakikubali, wawaandikie, neno la mdomo la afisa halimzuii dalali.

Kuhusu wewe: nyumba mnayoishi kama mke na mume haiwekwi rehani bila ridhaa yako. Ulitia sahihi?

Mjengo_Nakuru:
Mama, ikionekana kabisa hamwezi, tafuteni mnunuzi wenyewe, benki ikijua. Mnadani watu huja kutafuta bei ya kutupa. Sheria inailazimu benki ifanye tathmini kwanza na itafute bei bora inayopatikana, na kinachobaki baada ya deni na gharama ni chenu. Hata hivyo bei ya mwenye nyumba asiyebanwa ni nyingine.

Mama_Kitengela:
Asanteni sana. Sahihi nilitia, mbele ya wakili. Basi kortini hatuna la kusema? Riba yenyewe imepanda mno.

Karani_Mstaafu:
Kama ulitia, mlango huo umefungwa, ila notisi ya siku 40 lazima nawe uletewe. Kubishania riba peke yake mara nyingi hakusimamishi mnada. Notisi yenye kasoro ndiyo humfanya jaji asikilize. Ombeni taarifa ya akaunti tangu siku ya kwanza ya mkopo. Deni likishatangazwa kuwa bovu, yaani halilipwi tena, Sheria ya Benki hairuhusu riba inayodaiwa kuzidi salio la mkopo la siku hiyo.

Na bahasha msiitupe. Siku 90 huhesabiwa tangu mlipokabidhiwa barua, si tarehe iliyopigwa chapa juu yake. Iliwafikia lini, na nani aliipokea?