Chama chetu kinataka kupeleka ombi Bungeni kuhusu uzazi na mishahara: tuanzie wapi?

Mshonaji wa Baba Dogo

Habari zenu. Mimi ni fundi wa cherehani katika kiwanda kimoja hapa Baba Dogo, Nairobi, na kila Jumapili jioni hukutana na wanawake wenzangu kumi na wanane katika chama chetu cha akiba. Tumechoka kuchanga pesa za dharura kila mwenzetu anapojifungua, kwa kuwa dharura yenyewe ina chanzo kimoja: msimamizi akishaona tumbo, mkataba wa miezi mitatu ukiisha hauletwi mwingine. Hakuna anayefutwa kazi. Ni karatasi tu ambayo haiji. Isitoshe, wanaume wa meza ya kukata kitambaa hulipwa zaidi yetu, nasi tukiuliza sababu tunaambiwa kwamba kazi yao ni nzito.

Tumeamua kudai sheria mpya. Je, tuombe nini hasa, na tumwandikie nani?

Wakili Mstaafu, Ngara

Dada, kabla ya kuomba sheria mpya, someni kwanza ile mliyo nayo, kwa sababu mkiomba kilichokwisha kuandikwa, kamati ya Bunge itawajibu kwa mstari mmoja na faili itafungwa.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili pamoja na haki ya kurudi kazini kwake. Kifungu cha 46 kinasema kwamba ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kifungu cha 5 kinataja ujauzito miongoni mwa misingi ya ubaguzi iliyokatazwa, kinamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na zaidi ya hayo kinamtwika mwajiri, si ninyi, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Angalieni maneno hayo: thamani sawa, wala si kazi ileile. Kwa hiyo hoja ya uzito wa mkasi haitoshi. Inapasa kupimwa pia ustadi, wajibu na mazingira ya kazi.

Pengo lenu la kweli liko kwenye mkataba wa muda. Mahakama zetu kwa kawaida huuchukulia mkataba wa namna hiyo kuwa umekwisha wenyewe siku yake ikifika, na mfanyakazi hana haki ya kudai mwingine. Mwajiri mjanja hujificha hapo. Ombeni kifungu kitakachosema waziwazi kwamba kukataa kuendeleza mkataba kwa sababu ya ujauzito ni sawa na kufuta kazi.

Mwenye Karakana, Kariobangi

Naomba nisitupiwe mawe. Nimeajiri mafundi sita, wanne kati yao wanawake. Kuna mwaka wawili walijifungua katika msimu mmoja wa sare za shule, nikatakiwa kuwalipa miezi mitatu kila mmoja na wakati huohuo kuwalipa waliowashikia nafasi. Wa kwanza nilimlipa zote. Wa pili nilimlipa nusu, na mpaka leo tukikutana sokoni mimi ndiye ninayeinamisha macho. Tangu hapo, anapokuja msichana wa miaka ishirini na mitano kuomba kazi, najikuta nikihesabu kabla hata sijaona mshono wake.

Wakili, kuongeza adhabu pekee kutatufundisha waajiri kujificha vizuri zaidi. Nchini kwetu mshahara wa likizo ya uzazi unatoka mfukoni mwa mwajiri peke yake. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2016 ya kuanzisha mfuko wa uzazi: mwajiri na mfanyakazi, mwanamume kwa mwanamke, kila mmoja alitozwa asilimia 0.3 ya mshahara, na mfuko ukachukua kulipa wiki sita za mwisho za likizo. Makato hayo ningeyatoa bila kunung'unika, kwa kuwa mzazi mmoja asingeyumbisha karakana nzima.

Yaya, South B

Mfuko huo ni mzuri kwa wenye hati za mshahara. Sisi tunaofanya kazi majumbani je? Novemba 2024 kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba, na ninawajua wengi ambao hawajawahi kuiona hata nusu yake. Afisa wa leba hafiki jikoni kwa mtu. Chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA kinatuwakilisha, lakini ukilala chumba kimoja na watoto wa mwajiri, hata kutoka kwenda kujiandikisha ni kuomba ruhusa. Ombi lenu litutaje, dada zangu. Sheria ikisema "mfanyakazi" peke yake, huko majumbani huwa hatuhesabiwi.

Katibu wa Chama, Mathare

Niongeze la utaratibu, kwa sababu ombi zuri hukwama kwa kupelekwa mlango usio wake. Viwango vya kazi, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ni jukumu la serikali ya kitaifa. City Hall, yaani serikali ya kaunti ya Nairobi, haiwezi kuwasaidia kuhusu mikataba. Vituo vya kulelea watoto, kinyume chake, viko chini ya kaunti. Kwa hiyo, kama mnataka pia mahali pa kuwaacha watoto karibu na kiwanda, hilo liandikieni ombi la pili kwa bunge la kaunti.

Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu maombi hayo inaruhusu Kiswahili, basi andikeni kwa lugha mnayoizungumza. Elezeni mliwahi kumwona nani kuhusu jambo hili, semeni kama liko mahakamani au la, malizieni kwa kutaja bayana mnachoomba, kisha kila mmoja aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi, au alama ya kidole gumba. Ombi hupelekwa kwa Karani wa Bunge, au mnaweza kulipitisha kwa mbunge wenu. Kosa letu sisi tulipopeleka ombi lilikuwa kutokumwona afisa wa leba kwanza, hata tukakosa la kuandika kuhusu juhudi tulizofanya.

Mshonaji wa Baba Dogo

Nawashukuru nyote. Tutaanza kwa afisa wa leba wiki hii, tukiwa na nakala za mikataba iliyokwisha pamoja na tarehe za kliniki za waliojifungua. Mzee wa karakana, je, ungekubali kutia sahihi yako chini ya zetu kama mwajiri? Nadhani kamati itashangaa kuiona, na huenda ikatusikiliza.